Dole Gumba na Daftari

Katika Do Bigha Zamin, filamu ya Bimal Roy ya mwaka 1953, mkulima Shambhu Mahato ana bigha mbili za ardhi, ambazo kwa kipimo cha Bengal hazifiki ekari moja. Kabaila wa kijiji, Thakur Harnam Singh, anataka kujenga kiwanda kwa ubia na matajiri wa mjini, na kijishamba hicho kimekaa katikati ya eneo lake. Shambhu hakubali kuuza. Basi anaambiwa alipe deni lake lote mara moja. Anakaa na mwanawe Kanhaiya, wanapiga hesabu, inakuja rupia 65. Anauza kila kinachouzika nyumbani, anakwenda na fedha mkononi. Dawa ya deni kulipa, naye amekuja kulipa. Lakini daftari la kabaila linasema rupia 235, na karatasi imewekwa dole gumba. Kesi inafika mahakamani. Mahakama inaiamini karatasi na kumpa miezi mitatu, akishindwa ardhi ipigwe mnada. Ndipo anapopanda treni kwenda Calcutta kukokota riksho, mwanawe akiwa naye.

Wengi wakizungumzia matabaka katika filamu za Kihindi za zamani huanza na mapenzi: kijana wa jumba la kifahari anampenda binti wa fukara, baba anakataa, nyimbo zinaimbwa, mwisho baba analainika au wapenzi wanakufa. Filamu za namna hiyo zipo tele, na Bobby ya Raj Kapoor ya mwaka 1973, mtoto wa tajiri na binti wa mvuvi, ni moja ya zilizopendwa mno. Hata hivyo naona kwamba mapenzi hayo yametufanya tuyapite mambo mazito zaidi. Kuanzia miaka ya 1950 hadi katikati ya miaka ya 1970, sinema ya Kihindi ilipokuwa makini zaidi ilionyesha kwamba tabaka ni suala la ushahidi: maandishi ya nani yanaaminika, na nani huandikwa tu na wengine. Mali hufuata baadaye, kwa kuwa anayeshika daftari ndiye anayeamua nani ana mali na nani anadaiwa.

Jambo hilo lina historia, tena ya palepale Bengal. Mwaka 1793 utawala wa Kampuni ya Uingereza ya India Mashariki, chini ya Gavana Mkuu Cornwallis, uliwatambua wakusanya kodi, yaani mazamindari, kuwa wenye ardhi kwa makubaliano ya kudumu, na mkulima aliyerithi jembe kwa babu yake akajikuta mpangaji. Mwaka 1858 William Herschel, ofisa wa Kiingereza aliyekuwa Bengal, alimtaka mkandarasi wa vifaa vya barabara, Rajyadhar Konai, aweke chapa ya kiganja chake kizima kwenye mkataba ili asije akaukana. Majaribio ya aina hiyo yalizaa utaratibu wa kutambua watu kwa alama za vidole, na mwaka 1897 ofisi ya alama hizo ikafunguliwa Calcutta. Chapa ya kidole, kwa hiyo, ilianza ikiwa kinga ya anayeandika dhidi ya anayeandikwa; Konai hakupewa chombo kama hicho cha kumbana Herschel. India huru ilipofanya sensa yake ya kwanza, mwaka 1951, waliojua kusoma na kuandika walikuwa kiasi cha asilimia 18. Kwa waliobaki, deni, mpaka wa shamba na kesi vyote vilikaa katika mwandiko wa mtu mwingine. Majimbo nayo yalikuwa yanapitisha sheria za kuufuta umiliki wa mazamindari, na ndiyo maana Harnam Singh ana haraka: kabaila anayesoma alama za nyakati anataka awe mwenye kiwanda kabla sheria haijamfikia. Roy aliliona hilo likiwa bado linatokea.

Mother India ya Mehboob Khan, ya mwaka 1957, inalichukua deni lilelile na kulitandaza juu ya maisha mazima. Mama mkwe wa Radha, mhusika mkuu, amekopa rupia 500 kwa Sukhilala, mkopeshaji wa kijiji, ili kumfanyia mwanawe harusi, na ardhi imewekwa rehani. Masharti yakibishaniwa, wazee wa kijiji wanampa haki Sukhilala: robo tatu ya mavuno yaende kwake, nayo ni riba tu. Mtazamaji aangalie vizuri hesabu hii. Robo tatu ya mavuno kila msimu, miaka nenda miaka rudi, na zile 500 hazijapungua hata rupia moja. Mume anapoteza mikono yote miwili chini ya jiwe wakati wakijaribu kufungua kipande kipya cha shamba, anatoweka, mafuriko yanakuja, watoto wanakufa, Radha anajifunga nira na kuvuta jembe la ng'ombe. Picha hiyo ya jembe ndiyo iliyobandikwa kila mahali, lakini kiini cha hadithi kimekaa kwenye vitabu vya Sukhilala. Mtoto wake Radha, Birju, ndiye peke yake anayelielewa hilo. Haoni kwamba adui ni mvua au bahati mbaya. Anavichukia vitabu vya mkopeshaji kwa sababu mama yake ameishi ndani yake bila kuweza kuvisoma, na siku anapokuja na genge lake la wanyang'anyi anamuua Sukhilala na kuyachoma madaftari. Kosa kubwa zaidi analolifanya, la kumteka binti wa mkopeshaji, ndilo linalomfanya mama yake ampige risasi.

Kuna pingamizi hapa linalostahili kujibiwa kwa makini. Mtu atasema: ikiwa tatizo ni daftari, basi tiba ni shule, na filamu hizi zinawalaumu maskini kwa ujinga wao huku zikiwaacha salama wenye ardhi na viwanda. Ni kweli kwamba enzi ya waziri mkuu Nehru iliiamini shule kama ilivyoyaamini mabwawa, na Mother India yenyewe inafunguka kwa uzinduzi wa mfereji. Lakini turudi kwenye rupia 65. Shambhu na mwanawe hawakukosea hesabu. Walikuwa wanajua wanadaiwa kiasi gani, na walikuwa sahihi. Walichokosa mbele ya hakimu ni kuaminika. Laiti Shambhu angekuwa na stashahada, kabaila angetafuta hila nyingine, kwa kuwa karani ni wake, wakili ni wake, na muda wa kusubiri kesi ni wake. Ujinga ni mlango mmoja tu wa kuingilia.

Sinema yenyewe ililijibu pingamizi hilo kwa filamu nyingine mbili. Katika Shree 420 ya mwaka 1955, Raj anaingia Bombay akiwa na shahada ya chuo kikuu na medali aliyotuzwa kwa uaminifu, na jijini hakuna anayevihitaji. Medali inaishia kwa mpokea rehani. Elimu yake inapata soko pale tu anapojiunga na matapeli wa daraja la juu, na kazi anayopewa ni kuwauzia maskini karatasi: ahadi ya nyumba kwa rupia 100 kwa watu wanaolala kandokando ya barabara. Jina la filamu linatokana na kifungu cha 420 cha sheria ya jinai ya India ya wakati huo, kilichokuwa kifungu cha udanganyifu, na Raj Kapoor pamoja na mwandishi K. A. Abbas wanauliza wazi kwa nini kifungu hicho kimkamate mwizi wa mkate na kimpite Seth Sonachand, tajiri anayeongoza utapeli huo. Pyaasa ya Guru Dutt, mwaka 1957, inakwenda mbali zaidi. Vijay ni msomi na mshairi, kalamu anayo. Ndugu zake wanayauza mashairi yake kama karatasi chakavu. Anayeyanunua na kuyathamini ni Gulabo, kahaba. Mchapishaji Ghosh hamtaki mshairi, anamweka kuwa mtumishi nyumbani kwake. Mshairi akidhaniwa amekufa, kitabu kinatoka, fedha zinaingia, ndugu wanajitokeza kudai fungu. Aliyeandika ni fukara, na maandishi bado si yake. Nani tena atasema kwamba filamu hizi zilidhani kujua kusoma kunatosha?

Filamu hizi zilifika pwani ya Afrika Mashariki mapema, na Awaara ya Raj Kapoor na Mother India zilijaza kumbi za Unguja, Dar es Salaam na Mombasa kwa watazamaji ambao wengi wao Kihindi hawakukijua. Mtu akinyooshewa karatasi na kushikwa dole gumba, mtazamaji haihitaji tafsiri. Kwa Zanzibar kulikuwa na jambo zito zaidi. Mashamba mengi ya karafuu yalikuwa yamewekwa rehani, na mwaka 1934 serikali ya kikoloni ilitunga sheria za kuzuia mashamba hayo yasihamie mikononi mwa wadai, ambao wengi walikuwa wafanyabiashara wa asili ya Kihindi. Siasa za wakati ule zilimpa mdai sura ya kabila. Katika Mother India mdai na mdaiwa wanatoka kijiji kimoja, wanasema lugha moja, wanaabudu miungu ileile, na damu inafyonzwa vilevile. Sijui hoja nyingine ya wazi kuliko hiyo ya kumwonyesha mtu kwamba riba ina tabaka kabla haijawa na kabila.

Yote haya yanakutana katika Deewaar ya Yash Chopra, iliyoandikwa na Salim-Javed na kutoka mwanzoni mwa mwaka 1975, miezi michache kabla Indira Gandhi hajatangaza hali ya hatari. Baba, Anand Babu, anaongoza wachimbaji waliogoma. Wenye mgodi wanaikamata familia yake na kumwekea karatasi mbele. Anatia sahihi, mgomo unakufa. Anajua kuandika huyu, ni kiongozi mwenye ufasaha, na bado kalamu inageuzwa dhidi yake. Kisha inakuja adhabu ambayo sinema ya India haijapata kuisahau: wafanyakazi wenye hasira wanamshika mwanawe mdogo, Vijay, na kumchanja kwenye mkono maneno yanayomtangaza baba yake kuwa mwizi. Deni la Shambhu lilikuwa kwenye karatasi; la Vijay limeandikwa kwenye ngozi. Na walioliandika ni maskini wenzake. Filamu haifichi hilo, na ni moja ya sababu zinazonifanya niiheshimu.

Bombay, mama anabeba matofali kwenye jengo linalojengwa, Vijay anang'arisha viatu, na kwa jasho hilo mdogo wake Ravi anakwenda shule. Mama huyo ni Nirupa Roy, yuleyule aliyekuwa Parvati, mke wa Shambhu, miaka 22 nyuma, na Kanhaiya naye alikuwa mng'arisha viatu Calcutta. Kuna tukio dogo ambalo halina budi kutazamwa kwa karibu: mteja amemaliza kung'arishiwa viatu, anamtupia Vijay sarafu chini, na mtoto anakataa kuiokota. Amefanya kazi, haombi. Anataka malipo yake yainuliwe na yatiwe mkononi mwake. Mtoto ambaye mkono wake umekwisha kuandikwa na wengine anadai kwamba namna ya kulipa nayo ina maana. Baadaye Vijay anakuwa kuli bandarini, na tena anatembea na maandishi, beji namba 786. Msomaji wa Kuli ya Adam Shafi, riwaya ya mgomo wa makuli wa Zanzibar wa mwaka 1948, ataiona tofauti mara moja: kule makuli wanasimama pamoja, huku Vijay anawapiga wanyang'anyi wa bandari peke yake na kisha kuingia kwenye magendo. Chama kilikwisha kuvunjwa dakika za mwanzo, kwa sahihi moja.

Watazamaji wengi huyakumbuka zaidi mazungumzo ya chini ya daraja, pale kaka anapotaja majumba na magari na mdogo wake anajibu kwa kumtaja mama. Kwangu uzito uko kwenye mazungumzo mengine. Ravi, sasa ofisa wa polisi, anamletea kaka yake karatasi ya kukiri makosa na kumtaka atie sahihi. Vijay anamjibu kwamba atatia, lakini kwanza zije sahihi nyingine: ya mtu aliyemlazimisha baba kusaini, ya mtu aliyemtukana mama yao na kumfukuza kazi, ya walioandika kwenye mkono huu. Baada ya hapo atasaini popote. Anadai daftari lenye kurasa zote. Sheria ina karatasi kwa ajili ya makosa ya Vijay, haina karatasi kwa ajili ya makosa aliyotendewa, na anayeishika karatasi hiyo amesomeshwa kwa mkono wa anayetakiwa kusaini.

Hapa kuna wanaosema kwamba filamu hizi hatimaye huupa ushindi utaratibu uliopo: Birju anauawa na mama yake, Vijay anauawa na ndugu yake, Raj wa Awaara anakwenda jela, na mtazamaji anarudi nyumbani akiwa ametulizwa na nyimbo. Siwezi kulikana lote. Kila filamu ilipita mbele ya bodi ya ukaguzi, na mtayarishaji aliyemwacha jambazi astarehe alikuwa anahatarisha fedha zake. Lakini hukumu ya mwisho haifuti ushahidi uliotangulia. Deewaar inampa Ravi nishani, na hakuna aliyetoka ukumbini akiwa amesahau orodha ya sahihi zinazodaiwa. Do Bigha Zamin, kwa upande wake, hairidhiani kabisa. Kuna tukio la abiria anayemwahidi Shambhu pesa zaidi kila anapoongeza mbio ili aipate riksho nyingine iliyombeba mwanamke wake. Mwanadamu anakimbizana na mwanadamu kwa mchezo wa wenye nacho, mpaka gurudumu linachomoka na Shambhu anaumia. Mwisho wa filamu ardhi imekwenda, kiwanda kinajengwa, na mlinzi anamlazimisha autupe udongo aliouchota mkononi kwa kudhani anaiba. Nyimbo za Salil Chowdhury ni nzuri kweli, na hazikumrudishia bigha hata moja.

Pingamizi linaloniumiza zaidi ni jingine. Filamu nazo ni maandishi. Balraj Sahni, aliyekuwa Shambhu, alisomea fasihi ya Kiingereza Lahore na kufanya kazi BBC London. Alijifunza kukokota riksho mitaani Calcutta kwa ajili ya kazi hiyo, na aliifanya kwa unyofu mkubwa, lakini alikuwa na mahali pa kurudi. Chowdhury aliyetunga hadithi, Abbas na Sahni wote walitoka katika jumuiya ya maigizo ya mrengo wa kushoto iliyoundwa mwaka 1943, watu wa vitabu waliowapenda wakulima. Mehboob Khan, ambaye shule hakuipata kwa kiasi cha kutajika, alikuwa tofauti na wengi wao. Matokeo yanaonekana vibaya zaidi kwenye suala la tabaka la kuzaliwa, lile linalomfanya mtu asiguswe. Sujata ya Bimal Roy, mwaka 1959, inamweka binti wa wasioguswa katika nyumba ya Mabrahmani, na Nutan anamwigiza kwa utulivu unaochoma. Lakini analazimika kutoa damu yake kumwokoa mama mlezi ndipo aitwe mwana. Thamani yake inahitaji kuthibitishwa na kipimo cha hospitali. Shambhu alikuwa na dole gumba; Sujata hata malalamiko hana. Ankur ya Shyam Benegal, mwaka 1974, inamtazama Lakshmi kwa uaminifu zaidi, mwanamke wa chini kabisa anayetumiwa na mtoto wa kabaila na kuachwa na mimba, na mume wake ni bubu, asiyeweza hata kusema kilichomfanya apigwe viboko. Ni hasira ya kweli, ila bado ni hasira ya msomi kwa niaba yao.

Kwa sababu hiyo naipa uzito Manthan, filamu nyingine ya Benegal, ya mwaka 1976. Dk Rao anafika kijiji cha Gujarat kuanzisha ushirika wa maziwa. Mpinzani wake Misra ananunua maziwa kwa bei anayoipanga mwenyewe, na kitu cha kwanza anachokileta Rao ni kipimo cha mafuta ya maziwa, ili kila mtu alipwe kwa ubora wa alichokileta. Ni kinyume kabisa cha zile rupia 235. Wasioguswa wanaingia ushirikani, wanapiga kura, na mkuu wa kijiji anaona aibu ya kuhesabiwa sawa nao. Silaha za zamani hazilali: Misra anamtumia Bindu, mwanamke fukara, kumzushia Rao shutuma ya uongo, na Rao anahamishwa. Ushirika unabaki kwa Bhola, kijana wa wasioguswa ambaye hapo mwanzo hakumwamini mgeni huyo hata kidogo. Filamu yenyewe inafunguka kwa maandishi yanayotaja wenye filamu, nao ni wakulima 500,000 wa Gujarat, wanachama wa vyama vya maziwa, waliochanga rupia mbili mbili. Mwandishi wa mchezo alikuwa Vijay Tendulkar, mwongozaji alikuwa Benegal, waigizaji walikuwa wa Bombay, kwa hiyo swali la Sahni halikuisha. Lakini safari hii aliyeandika alikuwa ameajiriwa na walioandikwa, na ilipoanza kuonyeshwa walikuja kwa malori, kijiji baada ya kijiji, kuitazama filamu yao.